Hiyo "ji" ya kujihami inaishia wapi?

Nawashukuru kwa kuja. Picha ya mume na mke wenye silaha mbele ya nyumba yao iko ukutani na najua wengi wenu mlikwisha kuiona kwenye simu zenu, kwa hiyo sitaizungukazunguka. Naomba tuanze na miguu.

Wote wawili wako peku. Mwanamume kavaa fulana ya waridi yenye kola na suruali ya kaki, mikononi ana bunduki ya aina ya AR-15. Mkewe kavaa fulana ya mistari myeusi na myeupe, kashika bastola ndogo na kuwaelekezea watu wanaopita. Nyuma yao kuna jumba la mawe ambalo ukilitazama haraka unaweza kudhani ni makumbusho. Ilikuwa tarehe 28 Juni 2020, mjini St. Louis, jimbo la Missouri, Marekani. Mwezi mmoja na siku chache kabla, George Floyd, Mmarekani Mweusi, alikuwa ameuawa na polisi Minneapolis, na maandamano yalikuwa yametanda nchi nzima. Hawa wawili ni wanasheria. Majina yao siyataji, kwa kuwa leo sikuja kuwahukumu watu wawili.

Mwananadharia Mfaransa Roland Barthes alitofautisha kile ambacho picha inakuambia kwa ujumla na kile kitu kidogo ndani yake kinachokuchoma bila wewe kukitafuta. Mimi hapa ninachomwa na miguu. Bunduki inasema nguvu. Miguu inasema: tulikuwa kwetu, tumetulia, tumekurupushwa. Mvalishe bwana yule buti za kijeshi, usibadilishe kingine chochote, halafu uone kama kuna atakayesema alikuwa anajihami. Naona mwenzetu pale mbele anacheka, lakini jaribuni kweli.

Sasa hilo neno, kujihami. Kuhami ni kukinga. Tukitia "ji" katikati, tendo linamrudia mtendaji: mwenye kukinga na mwenye kukingwa wanakuwa mtu mmoja. Sarufi inatupitisha hapo upesi sana, na ndipo ninapotaka tukwame. Hiyo "ji" ni nani, na mipaka yake iko wapi? Inaishia kwenye ngozi? Mlangoni? Kwenye nyasi? Langoni mwa mtaa?

Sheria ya Missouri imekuwa ikiinyoosha "ji" hiyo hatua kwa hatua. Mwaka 2007 jimbo lilipitisha sheria inayompa mtu nafasi pana ya kutumia nguvu dhidi ya anayeingia nyumbani mwake kinyume cha sheria. Mwaka 2010 kinga hiyo ikatoka ndani ya nyumba ikafika kwenye eneo lote la mwenye mali. Mwaka 2016 ukaondolewa hata ule wajibu wa kurudi nyuma kwanza, popote mtu alipo na haki ya kuwepo. Kwa hiyo wanasheria wetu waliposimama peku kwenye nyasi zao, hawakujitungia hoja papo hapo. Hoja ilikuwa imeshaandikwa bungeni.

Lakini waandamanaji hawakuwa kwenye nyasi. Walikuwa barabarani, na barabara yenyewe ndiyo kiini cha mambo. Inaitwa Portland Place na ni mali binafsi. Wenye nyumba ndio wenye barabara, na ina lango. St. Louis imekuwa na mitaa ya namna hii tangu karne ya 19, na huwezi kuielewa picha bila kuijua. Waandamanaji walikuwa njiani kwenda nyumbani kwa meya wa mji, Lyda Krewson, ambaye siku mbili kabla alikuwa amesoma hadharani, moja kwa moja mtandaoni, majina na anwani za wananchi waliomwandikia wakitaka fedha za polisi zipunguzwe. Wale wanasheria hawakuwa mwisho wa safari ya mtu yeyote. Walikuwa njiani tu. Mabishano kuhusu lango, lilivunjwa lini na nani, yaliendelea kwa wiki nyingi. Picha haiwezi kuyamaliza kwa sababu inaanza katikati ya kisa.

Si mbali, kaskazini mwa mtaa huo, kuna barabara ya Delmar. Ukivuka kwenda kaskazini, wakazi wengi ni Weusi. Ukirudi kusini, wengi ni Weupe. Hilo halikuletwa na upepo. Mwaka 1945 familia ya Shelley, Wamarekani Weusi, ilinunua nyumba katika mji huu huu, mtaa wa Labadie, na majirani wakaishtaki wakitumia mkataba wa mwaka 1911 uliokataza nyumba hizo kukaliwa na watu wasio Weupe. Mwaka 1948 Mahakama Kuu ya Marekani ikaamua kwamba mahakama za nchi haziruhusiwi kuutekeleza mkataba wa namna hiyo. Sikilizeni vizuri: haikusema ni haramu kuuandika. Ilisema dola isiukazie nguvu. Karatasi ikabaki na wino wake.

Ndiyo maana kati ya nadharia zote, inayonifaa zaidi hapa ni ya mwanasheria Cheryl Harris, aliyeandika mwaka 1993 kwamba uweupe nchini Marekani umefanya kazi kama mali. Hasemi Weupe wana mali nyingi, hilo kila mtu analijua. Anasema hali yenyewe ya kuwa Mweupe imebeba haki zile zile za mwenye mali: kuitumia, kustarehe nayo na, kubwa kuliko zote, kuwazuia wengine. Ukiisoma picha hivyo, bunduki na lango vinakuwa chombo kimoja. Mkataba wa 1911 ulifanya kwa kalamu kile ambacho bastola inakifanya hapa kwa mkono ulionyooshwa.

Na bastola yenyewe! Ilikuja kubainika haikuwa na uwezo wa kufyatua risasi. Ilikuwa imewahi kutumika mahakamani kama kielelezo katika kesi moja. Yaani walichoelekezewa watu siku ile kilikuwa kielelezo, kisha kikarudi mahakamani kuwa kielelezo tena. Mtunzi wa tamthilia angeona aibu kuandika hivyo.

Kuna watakaomleta mwanasosiolojia Mjerumani Max Weber na hoja yake ya dola kuwa ndiyo peke yake yenye kudai haki ya kutumia nguvu, waseme hapa dola imenyang'anywa. Sikubali. Dola haikunyang'anywa kitu, ilikopesha. Agosti 2020, wakiwa tayari wameshtakiwa, wawili hawa walihutubia mkutano mkuu wa chama cha Republican. Juni 2021 walikiri makosa madogo, wakatozwa dola 750 na dola 2,000, wakakubali kuziachia silaha zile. Nje ya mahakama bwana akasema angerudia tena. Wiki chache baadaye gavana akawasamehe.

Sasa iwekeni picha hii kando ya nyingine. Mwaka 1964 jarida la Wamarekani Weusi, Ebony, lilichapa picha ya Malcolm X, mtetezi wa haki za Weusi: suti, tai, bunduki mkononi, mtutu ukielekea juu, akichungulia nje kwa kulisogeza pazia la dirisha. Hakumwelekezea mtu yeyote. "Ji" yake ilikuwa imejikunyata nyuma ya pazia. Nyumba yake ilipigwa mabomu ya petroli Februari 1965, yeye na familia yake wakiwa ndani, na wiki moja baadaye aliuawa. Hatari ilikuwepo na ilikuwa na tarehe. Hata hivyo ni picha yake ambayo kwa wengi ilisomwa kama tishio. Na miaka miwili baada ya kifo chake, wanachama wa Black Panther, chama cha wanaharakati Weusi, walipoingia na bunduki kwenye jengo la bunge la California, Mei 1967, gavana Ronald Reagan alitia saini mwaka huo huo sheria ya kuzuia kubeba hadharani bunduki zenye risasi.

Mwanafalsafa Judith Butler alilieleza hili baada ya kesi ya Rodney King, Mmarekani Mweusi. Mwaka 1991 mtu alirekodi video ya polisi wa Los Angeles wakimpiga King akiwa chini. Dunia iliona mtu anapigwa. Mwaka 1992 baraza la wazee wa mahakama likatazama video ile ile na likaona mtu anayetisha, polisi wanaojikinga. Butler anasema hawakufumba macho. Jicho lao lilikuwa limeshafundishwa, na mwili Mweusi ulikuwa umeshawekwa mahali pa hatari kabla video haijawashwa.

Kijana mmoja aliniuliza kabla hatujaanza: je, si kweli kwamba waliogopa? Nadhani waliogopa. Wakosoaji wenzangu hupenda kusema walikuwa wanaigiza, na kwa maoni yangu hapo wanajirahisishia kazi. Mtu anaweza kutetemeka kweli kweli kwa hofu aliyorithi pamoja na nyumba. Ninachouliza ni hofu ya nani inayopokelewa mahakamani na bungeni kama ushahidi.

Tarehe 6 Julai 2016, jimbo la Minnesota, polisi walisimamisha gari la Philando Castile, Mmarekani Mweusi. Alimwambia askari kwa upole kwamba ana silaha, na alikuwa na kibali chake. Askari akampiga risasi, mwenzi wa Castile akiwa kando yake na mtoto wa miaka minne kiti cha nyuma. Mwaka uliofuata askari alisema mahakamani kwamba alihofia maisha yake, na akaachiwa huru. Castile alipigwa risasi akiwa kwenye kiti cha dereva, mkanda umefungwa.