Kupiga Hodi Mlimani: Mitambo ya Upepo na Macho ya Wenyeji

Hamjambo nyote. Shikamooni wazee wetu mlioketi huku mbele. Asanteni kwa kufika, hasa nyinyi mliokwama Ngong Road jioni hii na bado hamkurudi nyumbani.

Nitaanza na dirisha. Nimelelewa Ngong, si mbali na soko, na jikoni kwetu palikuwa na dirisha dogo la wavu lililotazama ukingo wa vilima. Mama yangu alikuwa akisoma mvua kwenye dirisha hilo. Wingu likilala juu ya vilele na kukataa kunyanyuka hadi saa nne, tulitumwa kuingiza kuni. Likipasuka mapema, mahindi yalianikwa uani bila wasiwasi. Wajukuu wake leo hutazama simu, yeye bado hutazama vilima, na mara nyingi yeye ndiye anayepatia.

Mwaka 1993 dirisha hilo lilipata vitu viwili vipya. Serikali ya Ubelgiji ilikuwa imeipa Kenya msaada wa mitambo miwili ya upepo, nayo ikasimikwa kule juu. Nilikuwa mtoto wa shule ya msingi, na nilikuwa nikiitazama ikizunguka hadi chai inapoa mezani. Majuzi nilimuuliza mama yeye aliionaje. Alikuwa akichambua maharagwe. Akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Haikunisumbua, mwanangu. Lakini nilihisi kama mtu aliyeingia nyumbani bila kupiga hodi."

Nimelibeba jibu hilo hadi hapa. Yote nitakayosema jioni hii yanalizunguka.

Kwanza turudi kule juu, kwa sababu najua wengi wenu mmefika. Mwaka 2009 KenGen, kampuni ya kuzalisha umeme, iliongeza mitambo sita, na kufikia 2015 kituo cha Ngong kilikuwa na uwezo wa megawati 25.5. Panda siku ya Jumapili asubuhi, uone. Vijana wa Rongai na Umoja wanapiga picha chini ya minara, maarusi wanapanda na magauni yao, watoto wanaegemeza sikio kwenye chuma waisikie mashine ikinguruma ndani. Simama chini ya mmoja utulie. Sauti yake ni kama shuka nzito inayokung'utwa, inakatika, inakung'utwa tena. Kivuli cha panga kinapita juu ya nyasi, kinapanda mgongoni mwa kondoo, kinashuka upande wa pili, na kondoo anaendelea kula. Nilimkuta kijana mmoja wa Kimaasai akichunga pale, nikamuuliza kama mifugo huogopa. Akaniambia siku za kwanza tu.

Wamaasai wanasimulia kwamba vilima hivi ni vifundo vya mkono wa jitu lililojikwaa Kilimanjaro likaanguka. Sasa juu ya vifundo hivyo kuna minara, na Nairobi imeipenda. Wako wanaoniambia kwamba vilima bila mitambo vingeonekana vimepungukiwa kitu.

Basi mtu husema: mnaona, watu huzoea, mjenge tu. Hapo ndipo ninapotaka tusimame.

Ni kweli kwamba watu huzoea. Mtafiti wa Uholanzi, Maarten Wolsink, ameandika kwa miaka mingi juu ya jambo hili. Alionyesha kwamba maoni ya umma hufuata umbo la bonde. Kabla ya mradi, watu wengi huunga mkono umeme wa upepo. Mradi ukitajwa kwao, uungwaji mkono hushuka. Mitambo ikishasimama na kufanya kazi, hupanda tena. Wawekezaji hulipenda sana bonde hilo, maana hulisoma kama ahadi kwamba kelele zitapita. Lakini Wolsink huyohuyo alipinga kwa nguvu dhana kwamba wanaolalamika ni wabinafsi wasiotaka kitu karibu na ua wao. Alisisitiza kwamba kinachowakera mara nyingi ni namna uamuzi ulivyofanywa, na nani aliufanya. Na ndani ya bonde hilo kuna watu. Wengine hawafiki upande wa pili.

Twendeni Kinangop, Nyandarua. Mradi wa megawati 60, mitambo 38, fedha zimeshatafutwa. Wale ni wakulima wa viazi, kabeji na ng'ombe wa maziwa, juu ya uwanda wa nyasi ulio wazi ambao pia ni makao ya ndege mmoja asiyepatikana popote duniani isipokuwa nyanda za juu za Kenya. Watu wakaanza kuuliza juu ya mashamba yao, juu ya afya, juu ya ng'ombe, juu ya kelele. Maswali mengine yalikuwa na msingi, mengine yalikuwa uvumi. Lakini uvumi hukua mahali ambapo hakuna aliyekuja kueleza kwa upole na mapema. Yakazuka maandamano, mtu mmoja akapoteza maisha, na Februari 2016 mradi ukafutwa. Mimi ninauamini umeme wa upepo, na siku ile nilisikitika. Ila nilisikitika zaidi kwa ile familia iliyozika mtu kwa sababu ya jambo ambalo lingeanzia barazani, juu ya benchi, na chai.

Na Loiyangalani, Marsabit. Hapa nitakawia kidogo.

Kati ya mlima Kulal na mlima Nyiro, upepo hubanwa na kuvuma karibu mwaka mzima. Nyiro ni mlima mtakatifu kwa Wasamburu. Pale pamesimama mitambo 365 ya mradi wa Ziwa Turkana, megawati 310, mradi wa upepo mkubwa kuliko wowote nchini. Kila mmoja una mapanga yanayochora duara la kipenyo cha mita 52. Yote ilikuwa imesimikwa kufikia mwaka 2017. Lakini laini ya kuleta umeme Suswa, zaidi ya kilomita 400, haikuwa tayari. Umeme ulianza kuingia kwenye gridi Septemba 2018. Kwa zaidi ya mwaka mzima, mchungaji wa Kirendile, wa Kisamburu, wa Kiturkana, aliamka na kuona minara 365 iliyosimama mbele ya mlima wake bila kuleta umeme kwa yeyote.

Kule Marekani, kwenye mitambo ya Altamont huko California, watafiti Robert Thayer na Carla Freeman waliwauliza wakazi wanachokichukia, katika utafiti uliochapishwa mwaka 1987. Mitambo isiyozunguka ilikuwa miongoni mwa mambo yaliyowakera zaidi. Mtambo unaozunguka unamwambia mtazamaji kwamba unafanya kazi. Uliosimama unamwambia kwamba mandhari yake imechukuliwa bure. Sasa pigeni picha ya Loiyangalani kichwani mwenu, mwaka mzima na zaidi.

Kisha kuna ardhi yenyewe, ekari 150,000. Oktoba 2021, Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Meru iliamua kwamba hatimiliki za ardhi hiyo zilipatikana kinyume cha utaratibu na sheria, kwa kuwa jamii haikushirikishwa inavyotakiwa. Vuta nikuvute ya mahakamani haikuishia hapo. Lakini sikilizeni jambo hili. Mwezi huohuo, Oktoba 2021, Mahakama ya Juu ya Norwe iliamua kesi ya Fosen, ambako mitambo 151 ilijengwa kwenye malisho ya majira ya baridi ya Wasami, wafugaji wa kulungu wa kaskazini. Mahakama ikasema haki zao za kuishi kwa utamaduni wao zimekiukwa. Bara mbili, wafugaji kwa wafugaji, mwezi mmoja. Kulungu wale hukwepa mitambo, kwa hiyo kwa Msami, kuharibika kwa mandhari na kuharibika kwa malisho ni kitu kimoja. Kama mama yangu na wingu lake. Mchungaji husoma upeo wa macho akajua nyasi ziko wapi, vumbi lile ni la nani, mvua imenyesha upande gani.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema kwamba habari za mandhari ni anasa ya matajiri. Najua mfano wanaoutoa. Katika pwani ya Massachusetts, mradi wa Cape Wind wa mitambo 130 baharini ulipendekezwa mwaka 2001, ukapingwa na watu wenye majumba ya kifahari ufukweni, na mwaka 2017 ukaachwa. Ni kweli. Lakini mfano huo mmoja umetumiwa kuwanyamazisha watu wasio na hata kibaraza. Mwenye hoteli analipwa kwa mandhari yake, tena kwa dola. Mwenye manyatta anaitumia kila siku na hakuna anayeiandika kwenye hesabu.

Na sisi wa Nairobi? Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Umeme wa Loiyangalani unafika hapa, unawasha taa za ukumbi huu pamoja na ule wa mvuke wa Olkaria na wa maji ya Tana. Sisi tunaupata bila kuona mnara hata mmoja wa kule. Ni rahisi kwetu kumwambia Mrendile aache kulalamika juu ya mlima wake kwa ajili ya maendeleo ya taifa. Reli yenyewe ilipopitishwa juu ya nguzo ndani ya mbuga yetu ya wanyama, wangapi hapa walinyamaza? Sikunyamaza mimi. Tuliandika, tukaandamana, tukataka tuulizwe. Basi tumpe na yeye haki hiyohiyo.

Inawezekana kuuliza vizuri. Mbele ya jiji la Copenhagen, mwaka 2000, ilijengwa mitambo 20 baharini, mahali panapoitwa Middelgrunden. Mpango wa kwanza ulikuwa mitambo 27 katika mistari mitatu. Wakazi wakatazama, wakasema hapana, itaonekana kama rundo. Mpango ukabadilishwa: mitambo ikapunguzwa na kupangwa katika upinde mmoja mwororo. Nusu ya mitambo hiyo ikamilikiwa na chama cha ushirika chenye wanachama zaidi ya 8,000. Wakaambiwa, wakajibu, na jibu lao likabadilisha mchoro. Hiyo ndiyo hodi yenyewe, kwamba anayepiga yuko tayari kusikia "subiri kwanza" kutoka ndani.

Hapa kwetu pia kuna la kujifunza Kajiado, kwenye mradi wa Kipeto: mitambo 60, megawati 100, ulioanza kuzalisha kibiashara mwaka 2021. Mapanga yake yanachora duara la mita 103, karibu sawa na urefu wa jumba la KICC katikati ya Nairobi. Huwezi kukificha kitu kama hicho. Lakini ardhi ilikodishwa kutoka kwa wenyewe, jamii ikatengewa hisa asilimia 5, na kwa kuwa eneo lile ni la tai walio hatarini kutoweka, wapo watu wanaokaa kutwa na darubini wakitazama mbingu ili mtambo usimamishwe ndege akikaribia. Sisemi Kipeto hakuna lawama. Nasema kumbe tunaweza kumsimamishia tai mtambo, na aliye chini ya mtambo ule tumeshindwa kumsimamishia hata mkutano.

Ninachokitaka ni kidogo tu. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 69, inaitaka serikali kuwahimiza wananchi washiriki katika kutunza mazingira. Kwa hiyo kabla ya shimo la kwanza kuchimbwa, mpigie mtu picha ya mlima wake kutoka mlangoni kwake, kutoka kisimani anaponyweshea mifugo, si kutoka barabara kuu wala kutoka lojini. Uchore mitambo juu ya picha hiyo kwa vipimo vya kweli. Uichapishe kubwa, uilete kwenye baraza la chifu, uieleze kwa Kirendile, kwa Kikuyu, kwa Kimaasai. Uwaache waishike na kubishana nayo wiki mbili. Kisha urudi. Na wakikuambia mnara wa saba unakaa mbele ya kilele wanachokiombea, uuhamishe mnara wa saba.

Kuna jambo la mwisho, nalo ni letu wenyewe. Mtambo wa upepo huundwa kwa kazi ya miaka 20 hadi 25. Ile sita ya Ngong ya mwaka 2009 inakaribia umri huo. Itakapochoka, kutakuwa na maamuzi: kuing'oa, kuitengeneza, au kuweka michache mikubwa zaidi, ambayo mtu atakayekuwa Lang'ata au Kibera asubuhi isiyo na ukungu ataiona kwa macho matupu. Sitaki hapo mama yangu aone kitu kipya dirishani ndipo ajue. Ana umri wa miaka 81 sasa. Nimemwahidi nitamletea maswali yenu, na ameniagiza niyaandike vizuri kwa mkono, kwa sababu yeye simu haisomi.

Kuna karatasi na kalamu hapa mezani. Mama aliye karibu na dirisha, nimeuona mkono wako tangu nilipotaja Kinangop. Karibu, anza wewe.