Mashine ni Farumi: Nafasi ya Injini na Tabia ya Boti za Kasi

Waheshimiwa manahodha, mafundi na vijana wetu wanaojifunza kazi, Assalaam aleikum.

Wazee waliosafiri kwa majahazi hawakung'oa nanga kabla ya kuitazama farumi, yaani uzito unaolazwa chini ya chombo ili kitulie, kwa kuwa walijua kwamba jahazi lile lile, na tanga lile lile, huwa tiifu au jeuri kwa kutegemea uzito umelazwa wapi. Ninaloomba kulieleza leo ni kwamba injini ya boti ya kasi nayo ni farumi, ila ni farumi inayosukuma na isiyohamishika mkiwa safarini. Tukianza kuulizana boti ina nguvu za farasi ngapi, tumetanguliza swali la pili. La kwanza ni injini imekaa wapi.

Boti ya aina hii ikishapata mwendo hupanda juu ya maji, omo (sehemu ya mbele) ikabaki hewani, na chombo kikabebwa na sehemu ya nyuma ya kitako chake. Uzito ukizidi tezi, yaani nyuma, omo huinuka na kuanguka, huinuka na kuanguka, pasipo hata wimbi la kuisababisha. Huo ni mwendo wa pomboo, na ingawa sote twapenda kuwatazama pomboo kule Kizimkazi, kuwaiga na abiria ndani ni jambo jingine. Uzito ukizidi omo, chombo hulala mbele, hulima maji, na wimbi la nyuma likikisukuma, omo huchimba na tezi ikazunguka kwa ghafla.

Hapa kwetu tatizo hilo huonekana katika safari moja ya kwenda na kurudi. Msimu wa kusi, upepo utokao kusini, ukitoka Nungwi, ncha ya kaskazini ya Unguja, kwenda Pemba, mawimbi yanakufuata, na boti yenye omo nyepesi ndiyo salama zaidi. Ukirudi, unayakabili yale yale, na omo hiyo nyepesi huruka na kupiga maji kwa kishindo. Ndiyo sababu nahodha mzoefu haachi kuibadilisha pembe ya mguu wa mashine, yaani sehemu inayoshuka majini na kubeba propela: akikabili wimbi huuingiza ndani ili omo ishuke, na wimbi likimfuata huutoa nje ili omo iinuke.

Kuhusu aina za mipangilio, nitapita haraka. Kuna mashine ya kupachika, ambayo uzito wake wote huning'inia kwenye shetri, yaani ubao wa nyuma wa chombo. Kuna injini ya ndani yenye shafti na usukani, ambayo fundi anaweza kuiweka karibu na katikati ya chombo. Na kuna injini ya ndani yenye mguu wa nje, iliyoingizwa sokoni na Volvo Penta mwaka 1959 kutokana na wazo la Mmarekani Jim Wynne. Aina ya kwanza na ya tatu hugeuza chombo kwa kuugeuza msukumo wenyewe. Kwa hiyo anayekata moto katikati ya kona huwa amepoteza na sehemu kubwa ya usukani wake.

Mwaka 1960 boti iitwayo Moppie, iliyosanifiwa na Ray Hunt kwa ajili ya Richard Bertram, ilishinda mashindano ya Miami hadi Nassau katika bahari iliyochafuka, na tangu hapo kitako chenye umbo la V ya kina kikawa ndicho cha kuigwa. Kitako hicho, hata hivyo, kina hesabu yake. Mwinuko wa kila ubavu wake kutoka kwenye mkuku, yaani uti wa chini wa chombo, ukiwa nyuzi 24, sehemu iliyo sentimita 45 kando ya mkuku huwa juu ya mkuku kwa sentimita 20. Ukisogea hadi sentimita 25, tofauti hubaki 11. Injini mbili pana zikiwekwa bega kwa bega, propela zake hulazimika kuwa mbali na mkuku, basi chombo kikienda mrama moja hutoka majini, ikameza hewa, na injini yake ikapiga kelele bila kusukuma.

Mafundi wa boti za mashindano walilijibu hilo kwa kuipeleka injini moja mbele ya mwenzake na kuiunganisha na mguu wake kwa shafti ndefu inayopita ubavuni mwa ile ya nyuma. Propela hukaribiana, hushuka penye maji ya uhakika, na uzito husogea mbele kidogo. Kwa maoni yangu huo ni ufundi mzuri, lakini hula nafasi, na miguu iliyokaribiana haigeuzi chombo vizuri gatini, kwa kuwa anayesukuma mbele kwa moja na nyuma kwa nyingine anahitaji nafasi baina yao. Miguu miwili ina faida nyingine. Propela moja inayozunguka kama akrabu za saa, ukiitazama kwa nyuma, hukilaza chombo upande wa kushoto. Mbili zinazozunguka kinyume huondoleana kasoro hiyo.

Kwa ninyi mnaotaka kuongeza mashine ya pili ya kupachika kwenye boti iliyojengwa kwa moja, fanyeni jaribio hili kabla ya kununua. Pimeni viroba vya mchanga vyenye uzito wa mashine hiyo, vifungeni kwenye shetri, pakieni mafuta na watu wa kawaida, kisha mtazame maji yamefika wapi kwenye ubao wa nyuma wakati watu wawili wamesimama tezi kuvuta nanga.