Jina la Kisanduku Likae Wapi?

ZUHURA: Karibuni tena, wasikilizaji wetu. Leo tulipanga mambo matatu ya kurahisisha matumizi ya tovuti: utofauti wa rangi, ukubwa wa vitufe na ujumbe wa makosa. Hata hivyo, kaka Idrisa ana dukuduku tangu Jumanne, na ni haki yake kulitoa kwanza.

IDRISA: Ahsante, dada Zuhura. Nilikuwa najaza fomu ya kubadilisha anwani katika tovuti moja, ambayo kila kisanduku kilikuwa na jina lake ndani, kwa maandishi ya kijivu yanayotoweka mara tu unapoandika herufi ya kwanza. Nilipofika mwisho nikaambiwa kuna kosa, bila kuelezwa liko wapi. Nikarudi juu kukagua visanduku 14 visivyo na majina tena, vikiwemo viwili vya tarehe, nisijue ipi ni ya kuhama na ipi ni ya kuanza mkataba. Ilinibidi nifute jibu langu ili nilisome swali lake.

ZUHURA: Pole sana. Na kosa lenyewe lilikuwa lipi?

IDRISA: Nafasi kati ya tarakimu za simu, ambazo programu ingeweza kuziondoa yenyewe. Lakini kilichoniumiza zaidi ni majina yale. Jina likikaa juu ya kisanduku na kuunganishwa nacho kwenye msimbo, yaani maagizo ya kompyuta yanayounda ukurasa, halipotei machoni. Ukiligusa, kishale cha kuandikia kinaingia kisandukuni, na asiyeona husomewa na kisoma skrini chake, yaani programu inayosoma ukurasa kwa sauti. Hata kanuni za HTML, lugha ya kuundia kurasa za tovuti, zinasema maandishi yale ya ndani yasichukue nafasi ya jina.

ZUHURA: Kwa fomu ndefu nakubaliana nawe kabisa. Ila kisanduku kimoja cha kutafutia, chenye kitufe cha “Tafuta” pembeni, hakihitaji jina la juu; maandishi ya kijivu ya ndani yanatosha. Jina libaki kwenye msimbo kwa ajili ya kisoma skrini. Kwenye simu, kibodi ikishafunguka, nafasi inayobaki ni ndogo, na nimemwona mama akidhani ukurasa umekwama kwa sababu tu kitufe kilikuwa kimesukumwa chini ya kibodi.

IDRISA: Hapo tunaachana, dada. “Tafuta” haisemi unatafuta ndani ya nini: tovuti nzima au orodha hii tu? Mtu akikatizwa katikati ya kuandika, akirudi hana pa kuuliza. Tatizo la mama litibiwe kwa kupunguza visanduku, si kwa kuficha majina.

ZUHURA: Kisanduku kimoja utakipunguzaje, kaka? Nabaki nilipo.

IDRISA: Nami sisogei, kwa sababu mstari mmoja wa maandishi haujazi skrini.

ZUHURA: Fundi wetu ananionyesha kuwa zimebaki dakika mbili. Niseme la rangi tu: WCAG, mwongozo wa kimataifa wa kuwezesha tovuti zitumiwe pia na watu wenye ulemavu, unataka maandishi ya kawaida yawe na uwiano wa mwangaza wa angalau 4.5 kwa 1 dhidi ya rangi iliyo nyuma yake.

IDRISA: Na kijivu ulichokitetea mara nyingi hakifiki hapo.

ZUHURA: Nimetetea mahali pake, sikutetea rangi yake. Vitufe na ujumbe wa makosa havitawezekana leo, wasikilizaji. Tutavirudia wiki ijayo.

IDRISA: Basi uje na ukurasa huo wa kutafutia, tuufungue kwenye simu ya mama.

ZUHURA: Nitakuja nao, na mama mwenyewe nitamwomba aje.