Wavamizi 55, masikio mawili: kuligeuza gemu la zamani liwe la kusikiliza

ZUHURA: Assalamu alaykum wasikilizaji wetu wa Unguja na Pemba, na popote mlipo. Mimi ni Zuhura, niko na mwenzangu Kombo. Leo ni kazi ya mikono: una gemu la zamani la kompyuta, la kutazama, na unataka kijana asiyeona alicheze kwa masikio. Alicheze khasa. Akifungwa, afungwe kwa sababu amezidiwa, si kwa sababu kuna kitu hakuambiwa. Kaka Kombo, mtu anaanzia wapi?

KOMBO: Wa alaykum salaam. Anaanzia kwenye karatasi. Aandike kila uamuzi anaoufanya mchezaji. Sisemi kila kinachoonekana, nasema kila uamuzi. Wengi wanaichukua picha wanaipachika msimulizi: "Adui kushoto, adui kulia, bomu linakuja." Mpaka msimulizi amalize kusema linakuja, limeshafika.

ZUHURA: Neno "kushoto" peke yake linakula karibu nusu sekunde. Mlio ukitokea sikio la kushoto, mtu ameshaelewa.

KOMBO: Ndiyo. Sasa tuchukue gemu moja tulifungue mpaka ndani: Space Invaders ya kampuni ya Taito, mwaka 1978, kazi ya Tomohiro Nishikado. Wavamizi 55 wamejipanga juu, safu 5 za 11. Wewe una mzinga chini, unakwenda kushoto na kulia, na mbele yako kuna ngao 4. Ukiandika maamuzi unapata haya: nisimame wapi, nipige lini, nikwepe bomu gani, nijifiche chini ya ngao ipi. Manne basi. Na katika hayo hakuna hata moja linalotaka uwasikie wavamizi wote 55.

ZUHURA: Na ukiwapa wote sauti?

KOMBO: Unapata soko la Darajani mkesha wa Idi. Kwa hiyo punguza. Katika kila mstari wa kusimama, anayelia awe yule wa chini kabisa, kwa sababu ndiye risasi yako itakayemkuta kwanza, na ndiye anayeangusha bomu. Hapo umetoka 55 umefika 11. Halafu katika hao 11 walie watatu: aliye juu ya mzinga wako, mmoja wa kushoto kwake, mmoja wa kulia. Na wasilie kwa pamoja. Wapishane, kushoto, kati, kulia, kila mmoja sehemu ya kumi ya sekunde.

ZUHURA: Hapo nina suala. Mchezaji akiwasikia watatu tu, atajuaje kundi zima limebaki na wangapi, na linakwenda kasi gani?

KOMBO: Jawabu limo ndani ya gemu la asili. Kuna zile noti nne nzito zinazojirudia tangu mwanzo mpaka mwisho. Kadiri wavamizi wanavyopungua, zinakwenda mbio. Mashine ya wakati ule ilimsogeza mvamizi mmoja kwa kila fremu, yaani kila picha moja ya skrini, kwa hiyo wakibaki wachache zamu inawarudia upesi na kundi linaharakisha lenyewe. Nishikado akauacha mwendo ule uwe sehemu ya mchezo. Kwa asiyeona, ule mdundo ni habari tosha. Ubakishe, wala usiuweke chini kama muziki wa kupamba. Nyongeza yake moja tu: kundi likishuka hatua, mdundo nao upande sauti kidogo, uwe mwembamba zaidi. Mchezaji atajua limekaribia bila kuambiwa neno.

ZUHURA: Tuje kwenye kushoto na kulia, maana hapa ndipo panapoharibika magemu mengi.

KOMBO: Yanaharibika kwa sababu mtengenezaji anaweka masikio katikati ya skrini. Mzinga uko pembeni kulia, mvamizi yuko juu yake, vyote viwili vinasikika sikio la kulia. Umelingana naye au umempita? Huwezi kujua. Yahamishe masikio, yaweke juu ya mzinga. Ukienda kulia, kila kitu kinahamia kushoto kwako. Mvamizi akisikika katikati ya kichwa, umelingana naye, piga.

ZUHURA: Na sikio lenyewe limeumbwa hivyo. Kwa kitu kilicho mbele kabisa, mtu anaweza kutofautisha hata nyuzi 1 hivi. Kikiwa ubavuni, anakisia tu. Basi shabaha ipewe pale palipo na ukali.

KOMBO: Na usigawe sawasawa kutoka ukingo hadi ukingo. Ukigawa hivyo, tofauti ya kulingana na kukosa kidogo inakuwa ndogo mno, haisikiki. Inyooshe sehemu ya kati: mvamizi akiwa mbali nawe kwa upana wa mzinga mmoja, asikike ameshaondoka katikati kwa nusu nzima. Walio mbali zaidi wote warundikane pembeni, hawana haraka.

ZUHURA: Mabomu?

KOMBO: Katika gemu la asili, mabomu yanayokuwa hewani hayazidi matatu kwa wakati mmoja. Hiyo ni rehema, masikio yanayamudu. Kila bomu lipige mluzi unaoteremka, uanze kwenye hezi 3000, yaani mitetemo 3000 kwa sekunde, ukafike 1500 likigusa ardhi. Mchezaji akisikia mluzi mwembamba, bado ana nafasi. Ukinenepa, aondoke. Na kila bomu linaposikika, vingine vyote vishuke desibeli 6, yaani kimo cha wimbi kipungue nusu, kisha virudi. Mdundo uweke chini ya hezi 200, wavamizi wakae baina ya 400 na 900. Kila kundi likiwa na masafa yake, hakuna anayemfunika mwenziwe.

ZUHURA: Wasikilizaji, hapo kwenye risasi msipite haraka. Space Invaders inakuruhusu risasi moja tu hewani. Kwa hiyo mlio wa risasi udumu muda uleule risasi inaosafiri. Ukinyamaza, mzinga uko tayari. Ukiweka mlio mfupi wa kudumu, kila risasi "pa!" na basi, mchezaji atabonyeza mara tano hewani na ataamini kibodi imekufa.

KOMBO: Na ngao zisilie kabisa. Mzinga ukiingia chini ya ngao, sauti zinazotoka juu yake zipite kwenye kichujio, kata masafa yanayozidi hezi 1000. Dunia inakuwa kama imezibwa. Mtu anahisi yuko chini ya kitu. Ngao ikitobolewa, fungua kichujio kidogo kidogo. Napenda sana njia hii, maana haiongezi hata mlio mmoja.

ZUHURA: Milio yenyewe tunaitoa wapi?

KOMBO: Hapahapa. Tafuta mlio wenye kishindo cha mwanzo kilicho wazi, maana ndicho kinacholiambia sikio upande. Mlio laini wa kompyuta usio na mwanzo wala mwisho, sikio halijui umetoka wapi. Piga kidumbak, ule mpigo mkavu wa ukingoni, umepata mvamizi mzuri sana. Dondosha kete kwenye shimo la bao, umepata mlio wa menyu: mfupi, mkavu, na kila mtu hapa anaujua.

ZUHURA: Kurekodi, simu inatosha. Sentimita 20 kutoka kwenye chombo, chumba chenye godoro na nguo nyingi ili sauti isirudi ukutani. Wakati wa kusi usirekodi uwani. Upepo unagonga maikrofoni, na ule mngurumo wa chini ukiuchuja unaondoka pamoja na unene wa ngoma. Zima feni, zima friji. Halafu ukate ukimya wa mwanzo wa faili. Milisekunde 50 za ukimya zinatosha kumfanya mchezaji ahisi gemu ni zito.

KOMBO: Na uhifadhi kwa mono, mkondo mmoja wa sauti, si stereo ya mikondo miwili.

ZUHURA: Lisemee hilo, linawatesa watu.

KOMBO: Maktaba nyingi za sauti, zile programu za kuchezea milio ndani ya gemu, OpenAL ni mfano, zinaweza kuupa mlio mahali pake ikiwa faili ni ya mono. Ukiipa faili ya stereo, inaicheza kama ilivyo, haiendi kushoto wala kulia. Mtu anakagua hesabu zake siku nzima, hesabu ziko sawa, faili ndiyo mbaya. La pili, MP3. Inaongeza ukimya kidogo mwanzoni na mwishoni, kwa hiyo mdundo unaojirudia utakuwa na pengo kila mzunguko. Tumia WAV au OGG. La tatu, akiba ya sauti, yaani fungu la sampuli, vipimo vidogo vidogo vya sauti, ambalo kompyuta inaliandaa kabla ya kulicheza. Kwa sampuli 44,100 kwa sekunde, akiba ya sampuli 512 ni ucheleweshaji wa milisekunde 12 hivi. Ukiweka 4096 umefika 93, na hapo mkono na sikio vimeachana.

ZUHURA: La nne liko nje ya programu. Hedifoni za Bluetooth zinaweza kuchelewesha milisekunde 100, 200, hata zaidi. Tumia za waya, zile za kawaida kabisa. Na simu zina mpangilio wa kuunganisha sauti zote kuwa mono, umewekwa kwa wanaosikia kwa sikio moja. Ukiwa umewashwa, gemu lako limekufa. Kwa hiyo gemu likifunguka, mlio wa kwanza usikike kushoto na sauti iseme "kushoto", kisha kulia. Aliyevaa kinyume atajua hapo hapo.

KOMBO: Pac-Man ni kazi ya namna nyingine. Kampuni ya Namco, 1980, Toru Iwatani. Mchezaji anapita kwenye njia zenye kuta, anakula vidonge na kukwepa mizuka. Ndani ya njia zile kuna vidonge 244 na mizuka minne. Hapa umbali wa moja kwa moja unadanganya: mzuka uko upande wa pili wa ukuta, hatua mbili, lakini ili akufikie lazima azunguke hatua ishirini. Nguvu ya mlio ifuate urefu wa njia, siyo umbali wa kupenya ukuta. Upande wa mlio ndio ubaki wa kweli. Na aliye nyuma yako mzibe, kata masafa yake ya juu na umshushe sauti kidogo, kwa sababu stereo ya kawaida haina mbele na nyuma.

ZUHURA: Na njia panda?

KOMBO: Ukifika penye uwazi, upepo mfupi upulize upande ule. Wazi kushoto, upepo kushoto. Wazi pande zote mbili, pande zote mbili. Mchezaji akizoea, anapita kona bila kusimama. Kinachosumbua ni mwisho. Vidonge vikibaki kumi, vimetawanyika, anayeona anavitupia jicho mara moja, asiyeona anazurura. Weka kitufe kimoja: akikibonyeza, kidonge kilicho karibu zaidi kinalia mara moja kutoka kilipo. Kilie kwa kuombwa tu.

ZUHURA: Tetris, lile gemu la kupanga vipande vinavyoshuka, mimi na wewe hatukubaliani.

KOMBO: Hatukubaliani. Uwanja una upana wa 10. Mchezaji anataka kujua urefu wa kila mstari wa kusimama. Unampigia noti 10 kutoka kushoto kwenda kulia, mstari mrefu noti nyembamba, mfupi noti nzito. Kila noti milisekunde 60, jumla sekunde 0.6. Mimi nasema kipande kisianze kushuka mpaka noti zimalizike.

ZUHURA: Na mimi nasema kishuke. Noti zipigwe kipande kilichotangulia kinapotua, ndiyo nafasi yake. Ukimsimamishia mchezo kila mara, umemwondolea ile haraka, na haraka ndiyo Tetris.

KOMBO: Kwa wanaoanza, simamisha. Waliozoea, wape kitufe cha kuondoa. Hapo tutakutana.

ZUHURA: Hapo nakubali. Na menyu?

KOMBO: Menyu iachie kisomaji skrini cha mchezaji mwenyewe. Anayetumia NVDA, kisomaji skrini cha kompyuta, ameshaweka sauti na kasi yake, na mara nyingi ni kasi ambayo wewe hutaelewa neno. Usimlazimishe asikilize sauti yako polepole. Anza na kompyuta yenye kibodi: mishale, kitufe cha nafasi, basi. Kwenye simu, TalkBack, kisomaji skrini cha Android, ikiwa imewashwa, kidole kinaifikia hiyo kabla ya gemu, na hilo ni kazi ya kipindi kizima.

ZUHURA: Jambo la haki: kanuni za gemu ni kitu kimoja, jina na milio ya asili ni kitu chengine, vina wenyewe. Kampuni ya Tetris ilishinda kesi Marekani mwaka 2012 dhidi ya waliolifuata gemu lake kwa karibu mno. Gemu lako lipe jina lako na milio yako.

KOMBO: Na kujaribu, usijifunge kitambaa machoni ukasema umejaribu. Wewe unaijua ramani nzima kichwani. Mpe asiyeona, na usimweleze kitu. Ndani ya gemu weka orodha ya milio, ajifunze mwenyewe: mshale chini, jina la mlio, kisha mlio. Halafu gemu liandike faili kila anapokufa: saa, mzinga ulikuwa wapi, bomu lilitoka upande gani, kitufe cha mwisho kilikuwa kipi.

ZUHURA: Faili inakuonesha nini?

KOMBO: Akifa mara nyingi kwa mabomu ya upande mmoja, hedifoni au mgawanyo wako una kasoro. Akifa huku amebonyeza upande sahihi lakini kachelewa, mluzi umeanza bomu likiwa chini mno, uanzishe mapema. Akifa bila kubonyeza chochote, hakuusikia. Rudi kwenye zile desibeli 6, fanya 9, mrudishie acheze tena.