Kopo Lililonuka Siki

REHEMA: Tumerudi tena, wapenzi wasikilizaji, na leo Mbaraka kaingia studio ananuka kachumbari.

MBARAKA: Si kachumbari, dada Rehema. Ni mjomba. Jumamosi tulikuwa Muheza kugawa vitu vya marehemu, na wote mlionitumia salamu za pole, ahsanteni sana. Mimi nikapangiwa chumba cha nyuma. Chini ya kitanda nikakuta makopo matano ya bati, bapa, ya duara, mapana kama sinia dogo. Mfuniko wa kwanza ulikuwa umeshika kutu, nikaukwangua kwa kisu. Ulipoachia tu, machozi yakanitoka. Siki! Kali kuliko ya dukani.

REHEMA: Mjomba yule wa gari la sinema?

MBARAKA: Yule yule. Miaka ya 70 aliendesha gari la sinema la serikali, Handeni, Pangani, huko kote. Basi nikavuta kipande cha mkanda, nikakiinua dirishani. Kila picha ndogo kama ukucha wa mtoto. Kuna mwanamke kajitwisha ndoo, anacheka, kama ameitwa na mtu nyuma yake. Nikahesabu picha 24, yaani sekunde moja, na sekunde nzima anachofanya ni kugeuza shingo. Sikumjua ni nani, lakini nilisimama pale dirishani mpaka nikaja kuitwa chakula kimepoa.

REHEMA: Na mkanda wenyewe?

MBARAKA: Umejikunja kama gome la mdalasini. Ukiugusa unalia kama jani kavu.

REHEMA: Basi umeoza. Watu wanadhani kopo limemwagikiwa na kitu, kumbe ni mkanda wenyewe. Ile plastiki ya asetati ikipata joto na unyevu inaanza kutoa asidi, ileile ya kwenye siki, na asidi hiyo inarudi kuuozesha mkanda kwa kasi zaidi. Halafu mvuke unatoka kwenda kuharibu kopo la jirani. Wataalamu wanakadiria kwamba kwenye chumba cha nyuzi 21, kisicho na unyevu mwingi, mkanda mpya unakaa kama miaka 40 kabla haujaanza kunuka. Sasa chini ya kitanda, Muheza, Machi!

MBARAKA: Ndiyo maana nikasema leo tuongelee pesa. Nani alipie kuziokoa hizi sinema? Nina karatasi yangu hapa, mambo matatu ya kufanya ukikuta mikanda nyumbani, tutamalizia nayo. Ila pesa kwanza, na jibu ninalo. Kamati ya harusi.

REHEMA: Haya tena!

MBARAKA: Sitanii. Wiki hiihii nimo kwenye kamati ya harusi ya binti wa shangazi. Watu 140 kwenye kikundi kimoja cha WhatsApp. Mweka hazina anapandisha orodha kila usiku: fulani kaahidi, fulani kapunguza, fulani kamaliza. Mtu anadaiwa kodi ya nyumba, lakini ahadi ya harusi ataitoa, kwa sababu jina lake linasomwa. Kwa nini sinema isichangiwe hivyo? Sinema ndiye bibi harusi.

REHEMA: Bwana harusi?

MBARAKA: Projekta.

REHEMA: Na mshenga?

MBARAKA: Mimi na wewe, tumekaa mkekani hapa. Tena kuna filamu yetu ya 1985, ya Nangayoma Ng'oge na Ron Mulvihill, inaitwa Arusi ya Mariamu. Kadi ya mchango imeshajiandika yenyewe!

REHEMA: (anacheka) Kadi ya mtu mmoja au ya wawili?

MBARAKA: Ya wawili, na ndafu ipo. Lakini sikiliza, Wahindi walishafanya. 1976, Shyam Benegal alitengeneza Manthan, filamu ya wafugaji wa ushirika wa maziwa kule Gujarat. Waliochanga ni wafugaji wenyewe, laki tano, kila mmoja rupia 2. Laki tano, dada! Miaka ikapita, negativu, ule mkanda wa asili, ikaingia ukungu, rangi zikachakaa. Film Heritage Foundation ya Mumbai wakaisafisha, na 2024 ikaonyeshwa kwenye tamasha la filamu la Cannes, Ufaransa. Pesa za kuisafisha zimetoka wapi? Ushirika uleule wa maziwa.

REHEMA: Huo mfano naupenda, ila umeusoma nusu. Wale laki tano walichanga filamu ipigwe. Aliyekuja kulipia usafishaji ni shirikisho la ushirika, chombo chenye ofisi na hesabu, ambacho miaka 48 baadaye bado kipo. Sasa niambie, kamati yako ya harusi inaishi mpaka lini?

MBARAKA: Mpaka siku ya kuvunja kamati.

REHEMA: Ambayo ni?

MBARAKA: Wiki moja baada ya harusi. Tunakula kilichobaki.

REHEMA: Umeona? Mkanda haujui kuvunja kamati. Unataka baridi leo, kesho, na wajukuu zako wakiwa wazee unaitaka bado. Mimi ukinipa mchango wako wote sisafishi sinema hata moja. Najenga chumba cha baridi, kikavu, chenye umeme wa akiba. Nayaingiza makopo yote, ya mjomba wako na ya kila mjomba. Kuoza kunapungua kasi, tunapata muda wa kufikiri.

MBARAKA: Nani atachangia friji?

REHEMA: Mwenye akili.

MBARAKA: Hapana, dada, hapo nakukatalia kabisa. Watu wanachangia harusi kwa sababu wataiona. Watacheza, watalia biharusi akiingia. Safisha filamu moja tu, itandikie turubai pale Muheza uwanjani, watu wamwone yule mama wa ndoo akigeuka. Kesho yake omba pesa ya friji, utapewa. Ukianza na friji utabaki na mlango umefungwa, na hakuna anayejua ndani kuna nini.

REHEMA: Na wakati mnacheza, makopo mangapi yanaoza? Ngoja nikupe habari ya kwenu. Pale Vugiri, Korogwe, juu milimani, kati ya 1935 na 1937 kulikuwa na mradi wa sinema wa Waingereza. Shirika la Carnegie la Marekani ndilo lililotoa fedha. Walipiga filamu 35, za kilimo, minyoo, mifugo, wakazungusha na lori Afrika Mashariki nzima. Unajua zinazojulikana kubaki ni ngapi?

MBARAKA: Ngapi?

REHEMA: Tatu. Ziko London, kwenye hazina ya BFI, taasisi ya filamu ya Uingereza. Nyuso za babu zetu kwenye filamu 32 zimekwenda. Pesa ya kupiga ilipatikana, pesa ya kutunza haikupatikana. Turubai lilikuwepo, kaka, lilizungushwa mpaka vijijini. Halikuokoa kitu.

MBARAKA: (kimya kidogo) Tatu. Hiyo imenichoma. Lakini zile hazikuwa za watu. Mwanakijiji hakuulizwa. Angekuwa amechanga senti yake, angeuliza filamu yangu iko wapi.

REHEMA: Angeuliza, na jibu lingekuwa imeoza.

MBARAKA: Mbona basi Haile Gerima? Mwethiopia, filamu yake ya 1976 ya wakulima, imesafishwa kwa msaada wa mfuko wa Martin Scorsese, yule mwongozaji filamu wa Marekani. Na 2017 mfuko huohuo, pamoja na FEPACI, shirikisho la watengeneza filamu wa Afrika, na UNESCO, wakaanza mradi wa kusafisha filamu 50 za Afrika. Hawakusubiri friji.

REHEMA: Nawashukuru kwa kila moja. Lakini 50 kwa bara zima! Na zinazosafishwa ni zile ambazo mahali fulani mkanda wake umekutwa mzima kiasi. Umekutwa mzima kwa sababu mtu aliutunza. Kazi ya yule aliyetunza haina zulia jekundu, ndiyo maana hailipiwi.

MBARAKA: Nami nasema hailipiwi kwa sababu haionekani.

REHEMA: Basi tunazunguka mbuyu.

MBARAKA: Tuuzunguke. Mimi sitoki hapa. Filamu moja, uwanjani, watu waione.

REHEMA: Na mimi chumba cha baridi. Hata ukiniletea ndafu.

MBARAKA: Fundi anatuonyesha vidole viwili. Dakika mbili! Na karatasi yangu? Mambo matatu?

REHEMA: Hayaingii, weka mfukoni. Niambie kitu kimoja. Makopo matano yote yananuka?

MBARAKA: Manne. La tano nimelifungua mwisho, halina harufu. Mkanda umelala vizuri, unang'aa.

REHEMA: Liko wapi sasa hivi?

MBARAKA: Nyumbani, chumbani kwangu. Nimeyapanga pamoja, moja juu ya jingine.

REHEMA: Mbaraka! Usiku huu lisilale chumba kimoja na yale manne. Si nimekwambia yanaambukizana?

MBARAKA: Nilipeleke wapi? Sebuleni wamelala wageni wa harusi.

REHEMA: Lete kwangu. Nitazima kipozahewa saa ngapi sijui, lakini lete. Ukitoka hapa pitia nyumbani, beba hilo moja, ulifunge kwenye kanga kavu, usilifungie kwenye mfuko wa nailoni.

MBARAKA: Kwa hiyo friji imeanza.

REHEMA: Imeanza. Na mchango wako bado sijauona.