Masizi ya Chemni Mgongoni mwa Seli ya Sola

MPWA: Shikamoo shangazi.

SHANGAZI: Marahaba baba, hujambo?

MPWA: Sijambo. Wasikilizaji, karibuni tena. Kwa mgeni wa leo, mimi nachapa fulana hapa Dar es Salaam, na shangazi amefundisha kemia miaka mingi na kushinda maabara. Leo nimekuta ameweka mezani chemni ya taa, imeshika moshi hadi haionyeshi ndani. Shangazi, kulikoni?

SHANGAZI: Nilipandisha utambi makusudi. Hebu pitisha kidole.

MPWA: Eh, laini kama poda. Kidole chote cheusi.

SHANGAZI: Huo ni utando wa kaboni. Kila nyumba iliyowahi kuwasha taa ya chemni imeutengeneza, ikaufuta kwa gazeti. Mimi nataka tuzungumzie utando wa kaboni unaotengenezwa kwa mpango, ule unaokaa mahali pa dhahabu kwenye seli ya sola.

MPWA: Dhahabu? Kwenye paneli hizi za juu ya bati?

SHANGAZI: Hizo ni za silikoni. Nasema seli za perovskaiti, ambazo bado watafiti wanahangaika nazo. Zinajengwa tabaka juu ya tabaka. Chini kuna kioo kinachopitisha umeme, juu yake titani oksaidi, halafu fuwele za perovskaiti zinazonasa mwanga, na mgongoni tabaka la kupokea chaji. Maabara nyingi huweka dhahabu hapo mgongoni. Inachemshwa hadi iwe mvuke ndani ya chombo kilichonyonywa hewa yote. Bei ya dhahabu ni jambo, lakini kinachoniuma mimi ni hicho chombo: pampu zake, umeme usiokatika, fundi wa kukitengeneza kikiharibika. Chuo kisipokuwa nacho, mwanafunzi anaishia kuchora seli kwenye daftari.

MPWA: Na kaboni inafaa kweli hapo?

SHANGAZI: Inafaa, maana kiwango chake cha nishati kinakaribiana na cha dhahabu, chaji chanya zinavuka bila kusukumwa. Tena wazo si la jana. Mwaka 1996 Andreas Kay na Michael Grätzel, kule Lausanne, Uswisi, walitumia unga wa kaboni kwenye seli za rangi, yaani seli za sola ambazo rangi ndiyo inayonasa mwanga. Halafu 2014 kikosi cha Hongwei Han, Wuhan, China, kikatoa seli ya perovskaiti yenye mgongo wa kaboni. Ilithibitishwa kugeuza asilimia 12.8 ya nishati ya mwanga kuwa umeme, na ikakaa kwenye mwanga mkali zaidi ya saa 1000, hewani hivihivi. Na namna walivyoipaka hiyo kaboni, baba, ni kazi yako wewe.

MPWA: Yangu?

SHANGAZI: Fremu, wavu, na ule mpira wa kuvutia wino.

MPWA: Yaani kuchapa kwa skrini! Sasa shangazi, kitu cheusi namna hiyo si kitaziba mwanga?

SHANGAZI: Mwanga unaingia upande wa kioo. Kaboni iko nyuma, haimzuii mtu.

MPWA: Haya, nipe wino wenyewe unachanganywaje.

SHANGAZI: Grafaiti, unga wa masizi, zirkonia, yaani oksaidi ya zirkoni, kidogo ya kushikiza, selulosi ya ethili ya kuutia uzito, na tepineoli ya kuulainisha. Tepineoli inanukia kama dawa ya kudekia yenye mafuta ya msonobari. Grafaiti ni vigamba bapa, umeme unakimbia juu yake vizuri. Ila vigamba vikilaliana vinaacha mianya, ndipo masizi yanapoingia kuijaza. Ukiweka grafaiti peke yake utando unapukutika. Ukizidisha masizi unapasuka.

MPWA: Unene?

SHANGAZI: Kama mikromita 10. Unywele wa kichwani ni mikromita 50 hadi 100, piga hesabu mwenyewe.

MPWA: Basi wavu wa nyuzi 43 kwa sentimita unatosha, ndio ninaotumia kwa fulana. Mwembamba zaidi ya hapo vigamba vitaziba matundu.

SHANGAZI: Umeona? Hilo mimi nilijifunza kwa kuharibu. Ukishachapa, utando unang'aa kama lami mbichi. Unauacha utulie ili alama za wavu zijifiche, unaukausha hadi ufifie, ndipo unaupeleka kwenye tanuri, joto la nyuzi 400 za Selsiasi, nusu saa, selulosi iungue yote. Mara yangu ya kwanza niliwahisha moto. Nilipofungua tanuri nikakuta utando umepasukapasuka kama tope la mbugani wakati wa kiangazi, vipande vimejikunja pembeni. Niliumia, maana tulikuwa na vioo vichache. Siku hizi napandisha moto polepole, na sivuki nyuzi 500, kwa sababu hapo kaboni yenyewe inaanza kuungua.

MPWA: Na perovskaiti inaingia saa ngapi? Maana umesema kaboni ndiyo ya mwisho.

SHANGAZI: Hapo ndipo ninapowapendea watu wa Wuhan. Wanachapa titani oksaidi, juu yake zirkonia ya kutenganisha, juu yake kaboni, wanachoma. Kisha wanadondosha maji ya perovskaiti juu ya kaboni, na kwa kuwa ina vitundu, yanazama hadi chini yakageuke fuwele huko. Tone linanywewa mbele ya macho yako, kama maji kwenye mchanga.

MPWA: Mbona kila nikisoma habari za kaboni naona grafini?

SHANGAZI: Grafini, yaani kaboni yenye unene wa atomu moja, ni nzuri, inanyonya asilimia 2.3 tu ya mwanga. Lakini kuiotesha juu ya shaba kunataka gesi ya methani na joto la karibu nyuzi 1000, kisha uihamishe bila kuichana. Sisi tusianzie huko. Huko Nagoya, Japani, wapo waliotengeneza tando za kaboni kwa kafuri, hii karafuu maiti tunayoijua. Niliposoma hilo nilikaa kimya muda mrefu.

MPWA: Udhaifu wa kaboni ni upi?

SHANGAZI: Ukinzani, yaani namna inavyozuia umeme kupita. Mgongo wa kaboni una takribani omu 10 kwa kila mraba, metali ziko chini sana ya hapo. Kwa hiyo seli ikiwa pana umeme unapotea njiani, inabidi uikate milia myembamba na kuiunganisha kwa mfuatano. Na perovskaiti yenyewe ina madini ya risasi, ambayo ni sumu, kwa hiyo glavu, na mabaki hayamwagwi kwenye sinki. Hilo silifanyii mzaha.

MPWA: Mimi naweza kuchapa kaboni tu kwanza, bila perovskaiti?

SHANGAZI: Ndivyo nitakavyo. Jumamosi lete fremu yako ya 43 iliyooshwa, isiwe na wino wa fulana hata chembe. Mimi nitaleta vioo na multimita. Na vioo uvishike kingoni, mafuta ya kidole yakigusa katikati utando haushiki.