Makaratasi ya mtoto wa kwanza kwenda chuo

Walimu wenzangu, na nyinyi wazazi mlioacha shughuli zenu leo, shikamooni.

Hapa Tanzania, ada ya kidato cha kwanza hadi cha nne katika shule za serikali iliondolewa mwaka 2016. Ya cha tano na sita ikafuata 2022. Kwa hiyo tunao vijana wengi wanaomaliza kidato cha sita ilhali kwao hajatokea mtu wa kusoma chuo. Darasani wanaweza. Wanakwama kwenye makaratasi.

Chukueni maombi ya Bodi ya Mikopo, inayowakopesha wanafunzi wa elimu ya juu. Kinatakiwa cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA, wakala wa serikali anayesajili vizazi na vifo, sahihi ya serikali ya mtaa au kijiji, mdhamini, muhuri wa wakili au hakimu. Mtoto wa ofisa, baba yake anajua pa kwenda. Wa mkulima, cheti chenyewe hakipo. Au kipo na kimeandikwa Mwajuma, wakati cha kidato cha nne kinasema Mwanajuma. Herufi mbili tu, lakini atatafuta wakili amlipe, na dirisha la maombi halimsubiri.

Halafu stesheneri. Jamaa wa pale anamjazia maombi ya chuo kwa namba ya simu na barua pepe yake mwenyewe, wala si kwa ubaya, foleni ni ndefu. Mtoto akichaguliwa vyuo viwili, TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu, inamtaka athibitishe kimoja kwa namba ya siri iliyotumwa kwenye simu. Simu ya nani? Mwenyewe keshafunga duka, yuko msibani.

Wazazi, najua neno mkopo linatisha. Kuna mzee aliniuliza kama watakuja kuchukua shamba. Hapana, mzee wangu, shamba haliwekwi rehani. Mtoto akishaajiriwa anakatwa asilimia 15 ya mshahara. Mdhamini anayeogopa kusaini aelezwe hivyo hivyo, taratibu, na mwalimu, asiachiwe mtoto.

Na asiyefikisha alama za chuo kikuu msimwambie amefeli. Diploma ipo, na tangu 2023 baadhi ya kozi zake zina mkopo.

Ninachoomba shuleni hapa: tusingoje matokeo. Akiingia kidato cha tano alete vyeti, tulinganishe majina herufi kwa herufi, na afungue barua pepe yake kwenye kompyuta ya shule, nywila aishike mwenyewe. Wazazi ambao watoto wenu hawana cheti cha kuzaliwa, msiondoke kabla hatujaandika majina. Tuanze na waliokaa nyuma.